Mstari Uliosogea

Tangu utotoni alikuwa mwoga, na wala hakuficha. Aliogopa radi, aliogopa majogoo, aliogopa ngazi zisizo na kitu cha kushika pembeni. Wenzake walipokuwa wakiruka mtaro uliopita nyuma ya nyumba zao, yeye alizunguka mbali mpaka kwenye kidaraja cha mbao, na hata hapo alipita huku amemng'ang'ania mtu shati. Mjomba wake, kaka wa mama yake, ndiye aliyempachika jina la Swala. "Huyu mtoto," alisema, "jani likidondoka tu, keshasimamisha masikio na mguu mmoja uko hewani." Watu wakacheka, jina likamganda, na hata alipokuwa mtu mzima mwenye vyeti vyake, nyumbani na kazini aliitwa Swala tu.

Mjomba alikuwa kinyume chake kabisa. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na sauti yake ilitosha kumsimamisha mtu aliye ng'ambo ya barabara. Baba yake Swala alipoondoka asirudi, Mjomba alishika nafasi ile bila kutangaza wala kuombwa. Ndiye aliyempeleka shule siku ya kwanza, na ndiye aliyeketi naye chini ya meza radi zilipopiga, amejikunja kama jembe kwa sababu meza yenyewe ilikuwa ndogo. Kazi yake ilikuwa katika kinu kikubwa cha kusaga mahindi. Alianza kwa kubeba magunia, akapanda mpaka akawa msimamizi wa maghala, yale marefu ya bati, ya duara, wanayoyaita silo. Alipanda ngazi zake huku akipiga mluzi kama mtu anayekwenda kujilaza kitandani kwake.

Swala alipenda kompyuta kwa sababu moja ambayo hakuwahi kumwambia mtu: makosa ya humo yalifutika. Duniani ukivunja sahani imevunjika, lakini pale ulibonyeza vitufe viwili na sahani ikawa nzima tena. Akasoma, akahitimu, akawa mwandishi wa programu. Mjomba akamsemea kwa Meneja wa kinu, akapata kazi ya kuandika zile programu zinazoendesha mitambo. Siku tatu za wiki alikuwa kinuni, na siku zilizobaki alifundisha katika chuo cha ufundi mtaa wa pili.

Kazini alichokipenda kuliko vyote kilikuwa kihariri chake, yaani ile programu anayoandikia programu nyingine. Katika lugha aliyotumia, mahali mstari unapoanzia ndipo penye maana. Ukiandika sharti, kwamba kama jambo fulani liko hivi, basi mistari iliyo chini ya sharti hilo inajongezwa ndani kidogo, nafasi nne kutoka ukingoni, ili ijulikane kwamba iko chini yake. Mstari ukirudi ukingoni, umetoka kwenye sharti na unajitegemea. Kihariri kilimfanyia kazi hiyo chenyewe. Ukimaliza mstari wa sharti na kushuka chini, kinakusogezea mshale ndani kabla hujaomba. Ukibandika mistari uliyoinakili kwingine, kinaipanga ilingane na ule wa juu yake. Swala aliwasha kanuni zote hizo. Zilimtuliza, kama mtu anayeishi na ndugu anayekunja nguo nyuma yake kimyakimya.

Sasa kule kinuni, chini ya kila silo kuna skrubu ndefu ya chuma, nene kama paja la mtu, inayozunguka ndani ya mfereji na kusukuma mahindi kwenda kwenye pipa la kulishia vinu. Wafanyakazi waliiita Nyoka. Pipa likipungua, programu inamwamsha Nyoka, na likijaa, inamlaza. Hakuna anayegusa kitu. Lakini mahindi yakipata unyevu huganda ukutani mwa silo, magamba mazito kama plasta, na hapo lazima mtu aingie kwa juu, asimame juu ya mahindi na kuyabomoa kwa fimbo ya chuma. Nyoka akiamka mtu yumo ndani, mahindi huanza kutiririka chini kama maji yanayoingia shimoni, na mtu huenda nayo. Ndiyo maana kila mtu alipoingia silo, umeme wa kinu kizima ulikatwa. Na kila ulipokatwa, waendesha vinu walinung'unika mpaka jioni.

Mjomba ndiye aliyepata wazo la swichi. "Niwekeeni swichi kule juu kwenye mlango wa silo," alimwambia Meneja. "Nikiiwasha, Nyoka alale hata pipa likiwa tupu. Ninyi endeleeni kusaga, mimi niendelee kukwangua. Swala ataandika hiyo programu, si ndiyo, Mama?"

Alikuwa akimwita Mama anapotaka kitu. Swala akakubali.

Fundi umeme alifunga swichi. Swala akaandika programu, na kwa kuwa mistari ya kuzuia alikuwa nayo tayari katika faili la mashine za kupuliza hewa, aliinakili kutoka huko na kuibandika mahali pake. Wakaijaribu pamoja mchana uleule. Mjomba aliwasha swichi, Swala akamwaga pipa makusudi, na Nyoka akalala fofofo. Wakarudia, akalala tena. Mjomba akaupiga ukuta wa silo kwa kiganja, ukavuma kama kengele. "Imekubali! Kesho naingia."

Kesho yake Swala alikuwa chuoni. Darasa lilikuwa la wanawake watupu, wasichana kwa akina mama, na somo la siku lilikuwa hilohilo la kujongeza mistari. Alikuwa ameunganisha kompyuta yake mpakato na projekta, na ukutani kulikuwa na mfano aliowatungia: kama mvua inanyesha, chukua mwavuli. Chini yake, ukingoni, pameandikwa: funga mlango.

"Mnaona?" aliwaambia. "Mwavuli uko ndani ya sharti, utauchukua mvua ikinyesha tu. Mlango uko nje ya sharti, kwa hiyo kunyeshe, kusinyeshe, utaufunga."

Msichana wa dawati la mbele akainua mkono. "Mwalimu, na ukibandika mstari ulioutoa kwingine, hicho kihariri kinajuaje unataka ukae ndani au nje?"

"Hakijui," alijibu Swala. "Kinakisia. Kinaangalia mstari wa juu yake." Na ili waone kwa macho, aliufuta ule mstari wa mlango, akaunakili upya kutoka pembeni na kuubandika chini ya mwavuli.

Mstari ulitua, halafu mbele ya macho ya darasa zima ukasogea wenyewe nafasi nne ndani, ukapangana sawia na mwavuli. Ulipendeza.

"Heee!" mama mmoja wa nyuma akacheka. "Sasa siku ya jua mlango uko wazi, wezi wanajichukulia tu."

Darasa likaangua kicheko. Swala naye alianza kutabasamu, halafu tabasamu likamkauka mdomoni. Alijiona jana, mezani kwake kinuni, akinakili mistari ya kuzuia, akiibandika, akiiona inajipanga vizuri, na kuendelea na kazi. Aliibandika chini ya nini?

Aliizima projekta, akafungua faili la kinu papo hapo. Akakosea neno la siri, akakosea tena. Faili likafunguka. Akateremka nalo mpaka pale.

Kulikuwa na sharti linalohusu tanuri la kukaushia: kama tanuri linawaka, punguza mwendo wa Nyoka. Na chini yake, ndani ya sharti, nadhifu kabisa, ilikaa mistari yake ya kuzuia.

Swichi ya Mjomba ilifanya kazi tanuri likiwaka tu. Jana tanuri lilikuwa linawaka kutwa nzima. Leo lilizimwa, kwa sababu siku ya kukwangua silo tanuri huzimwa.

Alishika ukingo wa meza na kumpigia Mjomba. Simu iliita mpaka ikakatika. Alijua iko wapi: Mjomba huiacha kwenye koti, koti kwenye msumari wa chumba cha zana, asije akaidondosha kwenye mahindi. Akapiga ofisini.

"Haloo," alijibu karani wa mapokezi, na nyuma yake kulikuwa na ule mngurumo wa vinu unaomfanya kila mtu kinuni apige kelele bila kujua.

"Mjomba yuko wapi?"

"Swala? Ameshapanda. Yeye na Mrefu, wana kama nusu saa huko juu."

"Msimamishe! Swichi haifanyi kazi! Mwambie Meneja akate umeme, sasa hivi!"

Karani akavuta pumzi, na Swala aliisikia ile pumzi, akaijua. Miezi michache nyuma alikuwa ametoka mbio ofisini akipiga mayowe ya moto, kinu kizima kikamwagika uani, kumbe ni mvuke wa birika la chai lililosahauliwa jikoni. Walimcheka mpaka wakachoka.

"Swala, si mliijaribu jana mbele ya watu?"

"Nimeandika vibaya! Nakuambia nimekosea mimi!"

"Meneja yuko kikaoni na wageni. Akitoka namwambia, nakuahidi."

"Mgongee mlango!" alipiga ukelele, lakini mngurumo ulikuwa umeshanyamaza sikioni mwake.

Alitazama skrini. Kutoka chuoni, kwa mtandao, aliweza kutazama mitambo na kuitumia programu mpya tu, si kuizima. Kiasi cha mahindi kwenye pipa la kulishia kilionekana pale kama mchirizi wa kijani, na mchirizi ulikuwa ukishuka huku akiutazama. Ukifika kwenye alama nyekundu, programu itamwamsha Nyoka. Akaweka vidole kwenye kibodi. Si ni kurudisha mistari ukingoni tu? Kitufe kimoja, halafu kuipeleka programu kinuni. Kidole kilikuwa kimeshagusa kitufe alipokumbuka, akauondoa mkono kama aliyeshika pasi ya moto. Programu mpya ikiingia, mitambo yote huanza upya, na ikianza upya, kila mashine hujizungusha kidogo kujipima, Nyoka akiwa wa kwanza. Aliiandika hivyo mwenyewe. Angemzamisha Mjomba kwa mkono wake akijaribu kumwokoa.

Hakuna cha kufuta, hakuna cha kurudisha. Alisimama.

"Nisameheni," aliwaambia wanafunzi, na sauti iliyomtoka hakuitambua. Kisha akavua viatu vyake vya kisigino na kutoka mbio.

Kutoka chuoni mpaka kinuni unapita mtaa wa mafundi wa magari, ambako Swala hakupenda kupita hata kwa mwendo wa kawaida, kwa sababu ya cheche za kuchomelea na mbwa wa gereji. Siku hiyo aliukata katikati. Aliruka injini iliyolazwa chini, akakanyaga oili, akateleza, akainuka na goti linavuja damu. Mbwa alimfuata akibweka akachoka mwenyewe. Mtu aliyelala chini ya gari alitoa kichwa na kuuliza, "Dada, nani anakukimbiza?" Alikuwa ameshampita. Kichwani mlikuwa na kitu kimoja tu, ule mchirizi wa kijani, na kila hatua aliuona umeshuka kidogo zaidi. Akamwona Mjomba chini ya ile meza, amejikunja. Akalifukuza wazo hilo kama mtu anayefukuza nzi, likarudi.

Mlinzi wa geti alimwona anakuja peku, nywele zimesimama, damu mguuni, akatoka kibandani. "Swala, kofia ngumu! Bila kofia huingii uani, unajua sheria..."

Alimpita. Hakumsukuma wala kumjibu. Alipita chini ya mkono wake ulionyooshwa, akaingia uani, na hapo akasikia.

Nyoka ana sauti yake. Kwanza hugutuka, chuma juu ya chuma, halafu hukwaruza polepole, halafu hukaza. Swala alikuwa ameisikia mara maelfu, ikawa kama sauti ya kiti ofisini. Sasa ilimpenya mpaka mifupani. Na juu kabisa, kwenye mlango wa silo, alimwona Mrefu, msaidizi wa Mjomba, amelala kifudifudi kwenye kijukwaa, mikono yote miwili imekamata kamba, mdomo uko wazi. Alikuwa akipiga mayowe. Hakuna aliyemsikia, vinu vilikuwa vinasaga.

Chumba cha swichi kuu kilikuwa nyuma ya ofisi. Hapo ndipo mahali Swala alipopaogopa kuliko pote kinuni. Aliwahi kumwona fundi akirushwa na umeme pale, akapigwa ukutani kama kitambaa, na tangu siku hiyo hakuwahi kuvuka kizingiti. Mlango ulikuwa umesindikwa. Aliufungua kwa bega. Mkono wa swichi ulikuwa mkubwa, mwekundu, mzito, na ulikuwa unatetemeka kidogo kwa nguvu iliyokuwa ikipita ndani yake. Alifumba macho, akaushika kwa mikono miwili, akajining'iniza kwa uzito wake wote.

Kinu kikafa.

Vinu vilizidi kupungua mwendo, vikahema, vikasimama. Halafu kutoka juu ikaja sauti ya Mrefu, kavu, imeshapasuka: "Anazama! Jamani, anazama!"

Swala hakumbuki alivyopanda ile ngazi. Yeye, asiyepanda ghorofa bila kushika ukuta, alijikuta juu kijukwaani, hewa tupu kila upande, kichwa amekiingiza mlangoni mwa silo. Ndani mlikuwa na giza na vumbi. Tochi ya kofia ya Mrefu ilimulika ndani. Mahindi yalikuwa yamefanya shimo kama faneli, na katikati ya faneli kulikuwa na kichwa, mabega, na mkono mmoja ulioinuka umeshika kamba. Mahindi yalimfika kwapani. Yalikuwa yameacha kutiririka. Punje chache tu zilikuwa bado zikiporomoka pembeni, tii, tii, tii.

"Mjomba!"

Hakuitika. Alikuwa amejifunga kitambaa cha vumbi usoni, na kilikuwa kikiingia na kutoka, kifupi kifupi. Alikuwa hai.

"Nivute kamba?" Mrefu alikuwa analia waziwazi. "Nimevuta, haji. Nikivuta anapiga kelele."

"Usivute. Shikilia tu asishuke."

Ndipo watu wakaja. Meneja na wageni wake waliokuwa kikaoni, karani ameshika mdomo, waendesha vinu weupe kwa unga. Mzee mmoja wa vinu aliwahi kuliona jambo hilo kazini kwake kwa zamani, akasema mtu aliyefukiwa hivyo havutwi, atakatika, lazima ajengewe ukuta. Wakaleta mabati na mbao za kubebea magunia. Wawili walifungwa kamba wakateremka, wakazipigilia mbao ndani ya mahindi kumzunguka Mjomba, zikawa kama pipa lenye mtu ndani, kisha wakaanza kuchota mahindi ya ndani ya pipa kwa makopo na kuyatupa nje. Kopo kwa kopo. Kila waliposimama kupumua, Swala alihisi kifua chake mwenyewe kinabanwa. Alikuwa amelala kifudifudi palepale mlangoni, akiongea bila kukoma, hata hajui anaongea nini. Alimwambia Mjomba habari za mama yake, za mbwa wa gereji, za darasa. Mara moja kile kitambaa kilikaa bila kusogea, na Swala akaacha kuongea, na dunia nzima ikaacha pamoja naye. Halafu kikasogea.

Walipomtoa jua lilikuwa limeshapinda. Aliteremshwa kwa machela ya kamba, uso una rangi ya majivu. Alipopita mbele ya Swala alifungua macho, akamtazama kana kwamba anamfahamu lakini hakumbuki kutoka wapi.

Hospitali walisema mbavu mbili zimevunjika na nyonga imeteguka, na kwamba ni bahati. Mama yake Swala alikaa upande mmoja wa kitanda, Swala upande wa pili. Alingoja mpaka mama yake alipotoka kwenda kutafuta maji.

"Mjomba, ni mimi."

"Najua ni wewe, nakuona."

"Siyo hivyo. Ile programu. Mstari ulisogea nilipoubandika, na mimi sikuuangalia. Niliona umekaa vizuri nikaridhika." Akamweleza yote, mvua na mwavuli na mlango, mpaka akaelewa.

Swala alitegemea mzaha, au ngumi ya bega, maana alimzoea hivyo. Badala yake Mjomba aligeuza uso ukutani. "Toka kidogo, mwanangu," alisema. "Nitakuita. Sasa hivi sitaki kukuona."

Alitoka, akakaa kwenye benchi la korido. Alilia mpaka muuguzi akamletea kiti chenye mgongo, akidhani amefiwa.

Kwa Meneja nako alisema vilevile, hakuficha nusu. Meneja alikuwa amejiandaa kumfokea, ila karani, aliyekuwa pale pembeni, alianza kulia akisema ni yeye, angegonga ule mlango wa kikao. Fundi umeme naye akasema swichi kama ile haikupaswa kuachiwa programu peke yake, ilipaswa kukata waya, alijua hivyo tangu mwanzo na alinyamaza kwa sababu aliambiwa afanye haraka. Meneja, ambaye ndiye aliyesema ifanywe haraka, akatazama chini. Hakuna aliyefukuzwa. Swichi ile iling'olewa wiki hiyohiyo. Wakarudi kukata umeme, na safari hii mkono mwekundu ukawekewa kufuli. Anayeingia silo anaondoka na ufunguo mfukoni.

Swala alizima kanuni ya kubandika. Kwa muda alizima zote, hata ile ya kusogeza mshale, akawa anahesabu nafasi kwa kidole kama mtoto anayejifunza kusoma. Ilimchosha, na haikumpa usingizi. Mwishowe aliwasha iliyo ya lazima tu, na akamwomba fundi umeme awe anasoma naye kila faili kabla halijaenda kwenye mitambo, yeye akisoma kwa sauti na fundi akimuuliza: huo uko chini ya nini? Fundi hakuwa anajua kuandika hata mstari mmoja, lakini swali hilo lilitosha.

Mjomba alimwita baada ya siku nyingi, alipokuwa amesharudi nyumbani. Alimkuta sebuleni, taa imewashwa mchana kweupe, madirisha yote yako wazi. Alikuwa amekonda. Wakasalimiana, shikamoo na marahaba, kama watu waliokutana benki.

"Siwezi kujifunika shuka," alisema Mjomba ghafla. "Likinifika kifuani tu, naruka. Jana nilioga nikafumba macho nipake sabuni, nikasikia mahindi yanashuka. Nilitoka uchi mpaka koridoni, mke wangu akadhani nimerukwa na akili." Akajaribu kucheka, mbavu zikamzuia. "Wewe umeishije na kitu hiki tangu utoto, na mimi nakucheka?"

"Sijui, Mjomba. Huwa kinakuja, halafu kinachoka. Ukiwa na mtu karibu kinachoka haraka."

"Basi kaa," alisema Mjomba. Swala akakaa mpaka jioni.

Mjomba aliporudi kazini alipewa mizani ya malori getini, na kwenye silo hakurudi tena. Mrefu ndiye aliyerithi kazi. Siku aliyoingia silo kwa mara ya kwanza akiwa msimamizi, umeme ulikatwa, kufuli likafungwa, ufunguo ukawekwa mfukoni mwake, na kinu kikawa kimya. Hapakuwa na kitu chochote cha kuogopa. Swala alisimama chini ya silo hata hivyo, mikono imekunjwa kifuani. Baada ya muda alisikia mtu anakuja akichechemea, nyonga moja nzito. Mjomba alisimama kando yake, akainua uso kutazama mlango wa juu, na Swala aliona jasho jembamba limemtoka juu ya mdomo.

Juu, fimbo ya chuma iligonga ukuta wa silo, ikanyamaza, ikagonga tena, na kila iliponyamaza wote wawili waliacha kupumua. Hatimaye miguu mirefu ya Mrefu ikatokeza mlangoni, akateremka ngazi akijikung'uta vumbi, akawakuta wamesimama pale bega kwa bega kama watu wanaongojea majibu ya daktari.

"Vipi tena?" aliuliza. "Kuna nini?"

"Hakuna kitu," alisema Mjomba. "Lete ufunguo, watu wasage."

Akaupokea, akampa Swala. Swala akaenda mwenyewe mpaka kile chumba cha nyuma ya ofisi, akafungua kufuli, na kusukuma mkono mwekundu juu.